Picha ya nguruwe kwenye menyu: Humvuta anayekula, humjulisha asiyekula

KAMPALA. Saa nne asubuhi, kabla wateja hawajaanza kumiminika, ndiyo saa nzuri ya kupiga picha za menyu katika sehemu inayouza nyama ya nguruwe. Jiko la mkaa limeshakolea, mchoma nyama anageuza vipande kwenye wavu, na mpiga picha ameshachagua meza moja ukingoni mwa baraza, kivulini, ambako mwanga wa jua huingia kwa ubavu bila kuipiga sahani moja kwa moja.

Kuanzia hapo kazi ni ya mbio. Nyama ya nguruwe ikitoka motoni hung'aa kwa sababu mafuta yake bado ni maji. Zikipita dakika chache mafuta huanza kuganda na kuweka ukungu mweupe juu ya nyama, ngozi iliyokuwa imekauka vizuri hunywea, na sahani iliyokuwa ikitamanisha huonekana kama kiporo cha jana. Kuku wa kuchoma anaweza kusubiri kidogo. Samaki wa kukaanga pia. Nguruwe hasubiri.

Lakini ugumu wa picha hii hauko kwenye mafuta tu. Miongoni mwa nyama zinazouzwa migahawani Afrika Mashariki, hii ndiyo ambayo meza moja huifuata kutoka mbali na meza ya pili haitaki hata kuisogelea. Waislamu hawaili. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi katika sehemu kadhaa za Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, nao hawaili. Kwa hiyo picha yake ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kumvuta anayekula, na kumjulisha asiyekula kwamba chakula hiki si chake. Picha nyingi zilizoko kwenye menyu za ukanda huu hufanya kazi ya kwanza na kuisahau ya pili. Nyingine hazifanyi hata moja.

Uganda ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu nguruwe milioni 3.2 nchini humo, baada ya ongezeko kubwa katika miongo iliyotangulia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2011 kwamba kila Mganda, kwa wastani, hula kilo 3.4 za nyama hiyo kwa mwaka, kiwango ambacho watafiti wa mifugo wamekuwa wakikitaja kuwa cha juu kuliko vyote Afrika Mashariki. Jioni za Ijumaa, moshi wa majiko ya nguruwe ni sehemu ya hewa ya vitongoji vya Kampala. Nyama huja kwenye sinia au imechomekwa kwenye vijiti, pembeni kuna muhogo, parachichi, nyanya na vitunguu vibichi, na watu hula kwa mkono, watatu au wanne kutoka sinia moja.

Mwenyeji wa mtaa hahitaji menyu. Anamjua mchoma nyama, anamjua kwa jina, na huagiza akiwa bado anatafuta kiti. Menyu yenye picha huchapishwa kwa ajili ya mgeni: dereva wa lori aliyetoka Malaba, mfanyabiashara aliyevuka Mutukula, mtalii, au mtu aliyeketi nyumbani akichagua chakula kwenye simu ili aletewe na pikipiki. Kwa mtu huyo picha ndiyo lugha pekee ambayo ana hakika nayo, maana majina hayavuki mpaka.

Tanzania nyama hii ni kitimoto, jina la utani lililozoeleka hadi likaandikwa kwenye mabango. Rwanda ni akabenzi, neno ambalo watu hulihusisha na magari ya Benz. Kampala wengi huiagiza kwa jina lake la Kiingereza, na kwa Kiganda nguruwe ni embizzi. Mfanyabiashara wa Bukavu aliyefika Dar es Salaam kufuata mzigo wake bandarini anaweza kusoma "kitimoto rosti" na asielewe anachosoma. Kiti chenye moto? Vivyo hivyo kwa mgeni wa kutoka Somalia, nchi iliyojiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024. Yeye hana sababu yoyote ya kulijua neno hilo, na kutolijua kwake kunaweza kumgharimu zaidi kuliko Mkongo.

Hapo ndipo picha inapopaswa kusema. Tatizo ni kwamba nyama ya nguruwe ikikatwa vipande vidogo na kuzamishwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu haina tofauti ya wazi na rosti ya ng'ombe. Kwenye karatasi hakuna harufu wala ladha. Kuna bakuli la rangi ya kahawia, jani la dania juu yake, basi.

Wapiga picha wanaoijua kazi hii huwa na dawa moja, nayo ni rahisi: kutafuta kipande chenye ngozi. Ngozi, chini yake tabaka jeupe la mafuta, kisha nyama. Mpangilio huo wa tabaka tatu ndio alama ya nguruwe ambayo jicho halikosei, na kipande kimoja tu kikigeuzwa kuelekea lenzi kinatosha. Kwa sahani za kuchoma, mbavu zenye mafuta pembeni hufanya kazi hiyo hiyo. Bahati ni kwamba kile kinachomwonya asiyekula ndicho hicho hicho kinachomtoa mate anayekula. Mpenzi wa nguruwe haogopi kuona mafuta. Huyafuata.

Ndiyo maana inashangaza kwamba menyu nyingi huyaficha. Mwenye mgahawa humwambia mpiga picha achague vipande visivyo na mafuta, "visafi", akidhani ndivyo vya kisasa. Matokeo yake ni picha ya nyama ambayo haijulikani ni ya mnyama gani.

Wengine hawapigi picha kabisa. Hutafuta kwenye intaneti, huchukua ya kwanza inayopendeza, na kumpelekea mchapishaji. Hizo hutambulika haraka. Sahani ni nyeupe na pana, kipande ni kinene cha mgongo kilichokatwa kwa msumeno, juu kuna kijitawi cha rozmari, na katikati ya nyama kuna rangi ya waridi. Mteja aliyeagiza kwa picha hiyo huletewa vipande vilivyokatwa kwa panga, vyenye mifupa na ngozi, pamoja na muhogo. Vipande hivyo huenda ni vitamu kuliko vile vya pichani, lakini si alichoonyeshwa. Zaidi ya hayo, picha ile ina mwenyewe. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya 2001 na Uganda ya 2006, na zote zinalinda kazi za picha. Siku hizi wapo pia wanaoiagiza kompyuta iwatengenezee picha ya chakula. Hiyo haina mwenyewe wa kulalamika, lakini pia haina jiko lililoipika.

Rangi ile ya waridi inastahili maneno zaidi, kwa sababu ina historia. Mwaka 2011 Idara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango cha joto inachopendekeza kwa vipande vizima vya nguruwe hadi nyuzi 63 za Selsiasi, nyama ipumzishwe dakika tatu kabla ya kukatwa. Nyama iliyopikwa kwa kiwango hicho inaweza kubaki na waridi katikati na bado ikahesabiwa kuwa salama, katika nchi ambayo nguruwe wengi hufugwa ndani ya mabanda yaliyofungwa na nyama hukaguliwa. Tangu hapo wapishi na wapiga picha wa huko wamekuwa wakiionyesha rangi hiyo kwa fahari.

Katika ukanda huu hali ni nyingine. Nguruwe wengi hufugwa na familia ndogo, wengine huachwa wazurure, na minyoo aina ya tegu wa nguruwe bado yupo. Anayekula nyama yenye malengelenge ya tegu huyo bila kuiva vizuri anaweza kupata mnyoo tumboni. Mayai yake hutoka kwa kinyesi cha binadamu, na mtu akiyameza kupitia mikono au chakula kichafu, mabuu yanaweza kufika hadi kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linautaja ugonjwa huo kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya kifafa kinachoweza kuzuilika. Ndiyo maana mteja wa Kampala, Kigali au Mwanza anapoona waridi kwenye nyama ya nguruwe haoni ustadi wa mpishi. Anaona nyama mbichi, na yuko sahihi kuirudisha.

Kwa hiyo picha ya hapa lazima ionyeshe nyama iliyoiva hadi ndani. Jambo hili linamnyima mpiga picha mbinu moja kongwe ya ufundi wake, ile ya kuitoa nyama motoni kabla haijaiva ili ibaki imejaa na yenye unyevunyevu. Kwa ng'ombe wa tangazo mbinu hiyo haina madhara makubwa. Kwa nguruwe ina hatari ya pili isiyozungumzwa: baada ya picha, sahani haitupwi. Wafanyakazi wa jikoni huigawana. Kama ilipigwa picha ikiwa nusu mbichi, itarudi motoni tu endapo mtu atakumbuka kuirudisha.

Basi ufundi unabaki kwenye mwanga. Nyama iliyoiva vizuri ni ya kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi pembeni, na taa za mirija zilizoko kwenye migahawa mingi huifanya ionekane ya kijivu au ya kijani kibichi hafifu, rangi ambayo hakuna tumbo linaloitamani. Kuzima taa zote na kutumia mwanga wa dirisha au wa baraza ni hatua ya kwanza, hata kwa anayepiga kwa simu. Jua la saa sita kwenye nchi za ikweta halifai. Linatoka juu kabisa na kuacha vivuli vyeusi chini ya kila kipande. Kabla ya saa tano, au baada ya saa tisa, mwanga hulala.

Mwanga ukitoka nyuma ya sahani na kidogo pembeni, kila lengelenge la ngozi iliyochomwa hupata ncha inayong'aa. Upande wa mbele huwekwa karatasi nyeupe ya manila ili irudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Jua likiwa kali mno, shuka jeupe lililotundikwa dirishani hulipunguza makali. Vifaa hivi havigharimu kitu, na ndivyo hutofautisha picha ya chakula na picha ya ushahidi.

Masinia ya chuma kisichoshika kutu, yanayopendwa na wenye baa kwa sababu hayavunjiki, ni adui wa kamera. Huakisi dari, taa, na mara nyingine uso wa mpiga picha mwenyewe. Jani la mgomba lililopitishwa motoni na kutandikwa chini ya nyama humaliza tatizo hilo, na ukijani wake huipa nyama ya kahawia mahali pa kuonekana. Jani hilo lakini liwe ndilo linalotumika kila siku. Mgahawa usiotandika jani usilikodishe kwa ajili ya picha.

Sahani huwa mbili. Ya kwanza ni ya mfano: juu yake hupangwa kila kitu, hupimwa mwanga, hurekebishwa umbali, huku nyama ikipoa na kuganda bila mtu kujali. Ya pili hutoka motoni pale kila kitu kinapokuwa tayari. Muhogo hufunikwa kwa kitambaa chenye maji hadi dakika ya mwisho kwa sababu hukauka na kupasuka. Parachichi hupakwa ndimu lisiwe jeusi. Kachumbari huwekwa mwisho kabisa, bila chumvi, maana chumvi huikamua nyanya na sahani yote hujaa maji mekundu. Ndizi za kuchoma za Kigali hazina shida hizo. Zimezaliwa kupigwa picha.

Kisha kuna brashi na mafuta. Mchoma nyama huipaka nyama mafuta mara kadhaa ikiwa kwenye wavu, na mpiga picha akiipaka mara moja zaidi ikiwa mezani hajamdanganya mtu. Anairudisha ilipokuwa dakika tatu zilizopita. Kupaka oili ya gari ili ing'ae zaidi, mbinu iliyotumika sana kwenye matangazo ya zamani ya chakula, ni jambo lingine kabisa. Mpaka uko hapo: kama kilichoko kwenye sahani ya picha hakiwezi kuliwa, au hakipatikani kwenye sahani ya mteja, picha imeshakuwa ahadi ya uongo.

Na uongo mkubwa wa menyu za nguruwe hauko kwenye mng'ao. Uko kwenye wingi.

Sehemu nyingi huuza kwa uzito wa nyama mbichi. Mteja husogea kwenye kabati la kioo, huonyesha kipande, nyama huwekwa kwenye mizani, kisha hupelekwa jikoni. Ikiiva huwa imepoteza maji na mafuta, karibu robo ya uzito wake na mara nyingine zaidi. Anayeijua biashara hii haoni ajabu nusu kilo ikirudi ndogo. Mgeni aliyeagiza kwa picha huona ameibiwa. Ugomvi huo huanzia kwa mpiga picha, aliyeijaza sinia kilo moja na nusu ili ipendeze, kisha mchapishaji akaandika chini yake "nusu kilo".

Dawa yake ni mizani ile ile iliyoko mlangoni. Ipimwe nusu kilo mbichi mbele ya mpiga picha, ipikwe, na hiyo iliyotoka ndiyo ipigwe picha. Ikionekana chache, sahani ipunguzwe ukubwa au kamera isogezwe karibu. Nyama isiongezwe. Na mkono wa mtu ukiingia kwenye picha ukichukua kipande, mteja hupata kipimo asichoweza kukikosea.

Marekani kampuni ya supu ya Campbell iliwahi kujikuta matatani kwa jambo la namna hii. Kwenye picha za tangazo lake kulikuwa na gololi za kioo zilizozamishwa chini ya bakuli ili mboga na nyama zisukumwe juu na supu ionekane nzito. Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliingilia kati, na mwaka 1970 shauri likaisha kwa kampuni kukubali kuacha. Hakuna aliyesema supu ni mbaya. Kosa lilikuwa picha. Afrika Mashariki nako sheria zipo: Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Kenya ya 2012 zote zinakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayouziwa. Menyu haina kinga.

Kwa mgahawa unaouza nguruwe peke yake, mambo huishia hapo. Kwa ule unaouza pia kuku, mbuzi na samaki, na unaotaka familia za kila imani ziketi humo, kuna maswali zaidi, na hujitokeza siku ile ile ya kupiga picha.

La kwanza ni vyombo. Ubao wa mbao hunyonya mafuta. Mpiga picha anayebeba ubao mmoja mzuri kutoka kazi hadi kazi, leo ukawekewa mbavu za nguruwe Kabalagala na kesho samosa za mgahawa wa Kiislamu, amemkosea mteja wa pili hata kama hakuna atakayejua. Wanaoheshimu kazi yao huwa na seti mbili, au huacha ya nguruwe itumie vyombo vya mgahawa wenyewe. Wapo pia wapiga picha Waislamu ambao hukutana na kazi hizi, hasa Dar es Salaam. Mwingine huikataa moja kwa moja, mwingine huikubali kwa sharti kwamba mpishi ndiye atakayepanga na kugusa kila kitu, yeye akibaki nyuma ya kamera. Yote mawili ni majibu ya heshima, na mwenye mgahawa anayeuliza mapema huepuka aibu ya kuuliza sahani ikiwa imeshaanza kupoa.

La pili ni mahali picha itakapokaa. Picha ya nguruwe ikiwekwa katikati ya safu, kati ya mbuzi na kuku, zote za ukubwa mmoja na mwanga mmoja, hupotea humo. Ukurasa wake wenyewe ni bora, jina likiandikwa waziwazi "nyama ya nguruwe" kabla ya kitimoto, akabenzi au jina lolote la kupendeza. Ukurasa huo una faida nyingine ambayo wenye migahawa huigundua kwa uchungu. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na mtafiti Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, bado haina tiba na huzuka mara kwa mara. Haimwambukizi binadamu, lakini huua nguruwe na hufunga masoko kwa karantini. Nyama ikikosekana, ukurasa mmoja huchomolewa. Picha iliyochanganywa na nyingine hubandikwa karatasi na menyu nzima ikawa na kiraka.

Kwenye programu za simu za kuagiza chakula hakuna ukurasa wa kuchomoa, na picha huonekana ndogo kama stempu. Hapo sinia la watu wanne halifai. Kinachofaa ni kipande kimoja au viwili, karibu, ngozi na tabaka la mafuta vikielekea mbele. Anayepitisha kidole haraka kwenye skrini, akiwa na njaa, hasomi maelezo.

Picha zikishachaguliwa, bado kuna safari ya kwenda kwa mchapishaji, na huko nyama ya kahawia hugeuka nyeusi kirahisi kuliko chakula kingine chochote. Plastiki inayofunika karatasi huongeza giza, na taa nyekundu za baa huongeza jingine. Hivyo nakala ya kwanza haifai kukaguliwa ofisini kwa mchapishaji. Hupelekwa mgahawani saa mbili usiku, taa zikiwa zimewashwa kama kawaida, na kuwekwa mezani kando ya sinia lililotoka jikoni wakati huo huo kwa ajili ya mteja halisi. Mhudumu, si mwenye mgahawa, ndiye aulizwe kama vitu hivyo viwili vinafanana. Yeye ndiye atakayesimama mbele ya mteja kesho.